Tiki za Bluu Zimejaa, Kundi Kimya: Kisa cha Simulizi Moja ya WhatsApp

Mtunzi wa kisa hiki ni mwanamke wa Tanga anayeishi Dar es Salaam. Mchana anauza nguo za watoto, usiku anaandika. Simulizi yake ni ya familia: mzee amefariki, ameacha nyumba Ngamiani, Tanga, wajane wawili, watoto wa matumbo mawili, na karatasi ya wosia inayompa nyumba mjane mdogo, ambayo upande wa pili unasema imeghushiwa. Anairusha kwenye kundi la WhatsApp mara tatu kwa wiki, saa tatu usiku, watu wakiwa wameshakula na watoto wamelala. Kundi lina mamia ya watu. Mimi ni rafiki yake. Kila sehemu inapita kwangu kabla haijarushwa, natoa herufi zilizojirudia na kumwonyesha mahali mazungumzo yalipolegea. Ameniomba nisimtaje jina, na jina la simulizi nalo naliacha.

Shida yake ni ya watunzi wote wa simulizi za mtandaoni ninaowajua: watu wanasoma, hawasemi. Ila kwenye WhatsApp shida hii inauma zaidi. Ukishikilia ujumbe wako ndani ya kundi unaweza kufungua maelezo yake ukaona umemfikia nani na nani ameufungua, jina kwa jina na saa yake. Mtu anaweza kuzima tiki za bluu kwenye mazungumzo ya watu wawili, lakini kwenye kundi hazizimiki. Mtunzi wa Facebook anaweza kujifariji kwamba labda sehemu yake haikuwafikia wasomaji. Huyu wa WhatsApp hana faraja hiyo. Anaona kabisa: fulani kafungua saa tatu na dakika nne, fulani na dakika sita, wifi yake na dakika kumi na moja. Akirudi kwenye kundi anakuta "nipo siti ya mbele" moja, mioyo kadhaa, na hakuna kingine.

(Tiki ya bluu inasema mtu amefungua kundi. Haisemi amesoma mpaka mwisho. Nilimwambia hivyo tena na tena, haikusaidia kitu.)

Maelezo yake alikuwa nayo tayari: simulizi ni mbaya, na watu wanaona haya kumwambia. Akafika mahali pa kutaka kuikata katikati. Nikamwomba kwanza anihamishie mazungumzo yote ya kundi tangu sehemu ya kwanza, pamoja na meseji za inboksi akishaondoa majina na namba, nikakaa nayo. Ninayoyaeleza hapa yametoka humo.

Nianze na ukimya wenyewe, ambao si wa ajabu hata kidogo. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika juu ya kanuni ya 90-9-1: kati ya watu 100, 90 wanasoma tu, 9 wanachangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayeandika karibu kila kitu. Mfano wake mmojawapo ulikuwa Wikipedia, ambako alitaja wachangiaji hai 68,000 dhidi ya wasomaji milioni 32 wa Marekani peke yake, yaani asilimia 0.2. Kwa kipimo hicho kundi letu lilikuwa linaipita Wikipedia kwa mbali, na nilimwambia mtunzi hivyo, akanijibu kwamba yeye haandiki kamusi.

Ana haki. Kanuni ile inataja kiasi, haitaji sababu. Kuhusu sababu, nimeona bora utafiti wa Jenny Preece, Blair Nonnecke na Dorine Andrews wa mwaka 2004, maana wao waliwauliza wanyamavu wenyewe. Zaidi ya nusu ya waliojibu walisema hawakuona haja ya kuandika. Wengine walikuwa bado wanawasoma wenyeji kabla ya kutia neno, na wako waliosema kunyamaza kwao ndiyo msaada wao, wasiongeze kelele. Waliolichukia kundi walikuwa wachache. Nikaingia kwenye mazungumzo yetu na swali hilo moja: ni nini kinachomfanya msomaji wa simulizi aone haja?

Usiku wa Ubungo

Kulikuwa na usiku mmoja usiofanana na mingine. Mjane mdogo anatoka Tanga kuja Dar kuonana na wakili, anafika saa nane mchana, anashuka Ubungo akiwa na kibegi na namba ya simu iliyoandikwa kwenye kiganja. Ni aya moja tu. Mtunzi aliiandika ili kumfikisha mtu mjini, basi.

Kabla vipande havijaisha kurushwa mtu akaandika: "Mwandishi, Ubungo ya mwaka gani?" Mwingine akafuata: "Mabasi ya mkoani siku hizi Mbezi Luis, stendi ya Magufuli." Na ni kweli, stendi ile ndiyo iliyochukua nafasi ya Ubungo mwaka 2021, na ndani ya simulizi watu wanatumiana video za TikTok, kwa hiyo hakuna pa kukimbilia. Wa tatu akapinga, kwamba yeye juzi tu kashukia Shekilango, jirani na Ubungo, ofisi ya basi iko palepale. Hapo likawaka. Mmoja aliyesema aliwahi kuwa kondakta wa njia hiyo akaipanga barabara yote, Muheza, Segera, Mkata, Msata, akaeleza basi linatakiwa kuingia wapi na madereva wanashusha wapi kwa siri. Mama mmoja akauliza kwa nini mjane asipite Bagamoyo akwepe foleni ya Kibaha. Akajibiwa na watu watatu kwa pamoja. Majina ambayo sikuwahi kuyaona yakiandika tangu sehemu ya kwanza yalijitokeza usiku ule, mengine kwa aya nzima.

Mtunzi alikasirika. Alitaka watu wamlilie mjane, wao wanabishania stendi. Mimi nilifurahi sana, kwa sababu usiku ule ulionyesha kwamba watu wale wana vidole, wana bando, na wanasoma kwa makini kiasi cha kukamata aya iliyopita kwa kasi. Ila walikuwa hawana cha kusema mpaka walipoguswa kwenye jambo wanalolijua kuliko mtunzi.

Kumwambia mtu "hapo umepotea njia" ni msaada, na kwetu ukikaa kimya mtu akipotea unaonekana una roho mbaya. Kumwambia "mhusika wako hajakomaa" ni kazi nyingine kabisa. Hiyo inataka ujasiri, inataka maneno ambayo wengi wetu hatukufundishwa zaidi ya maswali ya fasihi kidato cha nne, na inakuweka juu ya mtu ambaye amekupa kitu bure. Andy Weir, Mmarekani aliyerusha riwaya yake ya angani sura kwa sura kwenye tovuti yake kabla haijawa kitabu, amesimulia mara kadhaa jinsi wasomaji walivyokuwa wakimwandikia kumsahihisha kemia na fizikia. Wale nao, naamini, hawakuwa wahakiki. Walikuwa watu wanaoijua kemia.

Lakini nisingeweza kuishia hapo, kwa sababu usiku wa Ubungo ulikuwa na jambo la pili ambalo nusura linipite. Admini wa kundi ni binamu wa mtunzi. Kila siku ya simulizi, saa tatu kasorobo, anafunga kundi wanachama wasiweze kuandika. Mtunzi anarusha sehemu yake kwa vipande vitatu au vinne, na kundi linabaki limefungwa mpaka asubuhi. Nia yake njema. Zamani vipande vilikuwa vinachanganyika na matangazo ya mikopo ya haraka, dua za kusambazwa kwa watu kumi na picha za maua za usiku mwema, aliyechelewa anashindwa kujua kipande cha pili kiko wapi. Usiku wa Ubungo binamu aliishiwa bando. Kundi likabaki wazi.

Hebu mfuate msomaji wa usiku wa kawaida. Yuko kitandani, mwanga wa simu umepunguzwa asimwamshe mwenzake. Anabonyeza "soma zaidi" kipande kwa kipande, anafika pale mjane mkubwa anapokuta kabati limevunjwa na hati hazipo, inakuja "itaendelea". Moyo unamwenda mbio. Anateremsha kidole chini aandike hata "jamani!", anakuta maandishi kwamba wanaoruhusiwa kutuma ni maadmini tu. Anaweka emoji ya mtu aliyeshika kichwa, anazima simu. Saa kumi na mbili na nusu kundi linafunguliwa, yeye yuko kwenye daladala amesimama, na meseji za kwanza kundini ni "asubuhi njema wapendwa". Nani ataanza kulia kabati saa hizo?

Tukamwomba binamu aache kundi wazi kwa saa moja baada ya kipande cha mwisho, ndipo afunge. Alikubali kwa shingo upande. Maoni yakaongezeka, ongezeko la kuonekana bila kuhesabu, ila hayakukaribia usiku wa Ubungo hata siku moja. Kwa hiyo kufuli lilikuwa sababu, na kosa la stendi lilikuwa sababu, na vyote viwili pamoja bado havikutosha kueleza kwa nini wanawake, ambao ndio wengi wa wasomaji wake, walikuwa wachache sana miongoni mwa waliobishana usiku ule.

Inboksi

Jibu la hilo halikuwa kundini.

Ukiandika neno kwenye kundi la watu usiowajua, namba yako inaning'inia juu ya maneno yako. Ni kweli kwamba namba iko pia kwenye orodha ya wanachama, lakini nani anapekua orodha ya mamia? Ukiandika umejitokeza. Dada mmoja alimweleza mtunzi kwamba aliwahi kuandika mstari mmoja tu wa kumtetea mjane mkubwa, na kabla hajalala namba mbili ngeni zilikuwa zimeshamtumia "mambo mrembo". Hakuandika tena. Anasoma kila sehemu, na tiki yake ipo. Wanaume tunaoulizana kwa nini wasomaji hawatoi maoni mara nyingi hatulijui hili, kwa sababu sisi tukiandika hakuna anayetufuata usiku.

Halafu kuna ndugu. Kundi la namna hii linakua kwa kuunganishana: dada kamwingiza wifi, wifi kamwingiza mama mkwe, jirani kamwingiza mke wa mpangaji. Sasa simulizi ni ya wake wenza na mirathi. Ukisimama hadharani ukasema mjane mdogo hana kosa, ndani ya kundi yumo mtu ambaye baba yake aliongeza mke mwaka jana. Ukisema mjane mkubwa anyang'anywe funguo, mama mkwe anasoma. Simulizi ikiwa ya majini wa Pemba au ya majambazi, watu wanachangia kwa raha. Ikigusa sebule zao wanahama kwenda inboksi.

Na huko inboksi palikuwa pamejaa. Nilishangaa, maana nilikuwa nimesikia malalamiko yake kwa muda mrefu nikaamini hana kitu. Kulikuwa na meseji zilizoanza na "samahani dada kwa usumbufu" na kuishia chini sana. "Dada, yule mdogo ni mimi kabisa, ila usiseme." Mwingine alieleza jinsi shemeji zake walivyobadilisha kitasa siku ya arobaini. Mama mmoja mtu mzima alituma sauti, maana alisema kuandika kunamchosha macho: "Mwanangu, hongera. Mimi naomba huyu mkubwa usimfanye mchawi. Kila hadithi mke mkubwa mchawi, tumechoka." Kama hayo si maoni ya kihakiki, sijui maoni ya kihakiki ni nini. Mwalimu wa fasihi angetumia kurasa mbili kusema jambo hilohilo.

Haya yote mtunzi alikuwa nayo kwenye simu yake, akayajibu mojamoja kwa adabu, na bado alikuwa anasema wasomaji wake hawasemi. Nilipombana akakiri anachotaka hasa. Anataka yaonekane. Maoni ya kundini yanamvuta aliyeingia jana, yanamwonyesha mtu anayefikiria kununua simulizi nzima kwamba hapa pana watu. Meseji ya inboksi inamgusa moyo, haimletei mteja. Naona hapo ndipo kiini cha kisa hiki kilipo. Mtunzi anamhitaji msomaji awe shahidi wake mbele za watu, na msomaji, hasa huyu aliyeguswa zaidi, anachotaka kusema ni cha watu wawili. Kadiri sehemu inavyompata ndivyo anavyozidi kukosa cha kuandika hadharani. Ile sehemu ambayo ilileta inboksi nyingi kuliko zote, ya mjane mdogo kukaa eda chumba kimoja na jokofu la ndugu wa mume, kundini ilipata mioyo na "itaendelea lini" tatu.

Wala si tabia iliyoletwa na WhatsApp. Wanaokumbuka magazeti ya udaku na simulizi ya Dar es Salaam, yale ya Eric Shigongo na wenzake, watakumbuka namba ya simu ya mtunzi iliyokuwa ikiwekwa kwenye hadithi za mfululizo. Watu walituma SMS, walipiga. Hakuna msomaji aliyeona SMS ya mwenzake, na hakuna aliyesema wasomaji wale ni wanyamavu. Redio nayo ilikuwa hivyohivyo. Mchezo wa Twende na Wakati ulipoanza Radio Tanzania mwaka 1993, na yule dereva wa lori Mkwaju na wanawake wake wa kila kituo, watafiti akiwamo Everett Rogers waliufuatilia kwa kulinganisha na eneo la Dodoma, ambako haukurushwa mpaka mwaka 1995. Mojawapo ya waliyoyaona ni kwamba wasikilizaji waliyazungumza ya Mkwaju na wenzi wao na marafiki zao. Mazungumzo yalikuwepo, yalikuwa ukumbini na shambani. Kwenye studio hayakusikika, kama ambavyo mtunzi wetu hasikii yanayosemwa saluni kuhusu wajane wake. Nayajua kidogo kwa sababu mke wangu ananiletea.

Kuna wasomaji wengine ambao hata tiki zao hatutaziona kamwe. Sehemu inanakiliwa, inapelekwa kundi la kazini, kundi la kijijini, kundi la mabinti wa Kiswahili walioko Muscat. WhatsApp ilipunguza usambazaji hadi mazungumzo matano kwa mkupuo mwaka 2019, ila anayenakili na kubandika hazuiwi na kitu, na njiani jina la mtunzi linakatwa. Msomaji wa huko akitaka kusema neno hana wa kumwambia.

"Next"

Lazima nilisemee hili neno kwa kuwa watunzi wengi wanalichukia. Unakesha na sehemu, unalia nayo, mtu anakujibu "next". Huko Facebook wengine wanaweka nukta moja tu ili simulizi iwarudie kwenye ukurasa wao. "Nimewahi siti", "tupo", "arosto itatuua mwandishi". Mtunzi wangu alikuwa anayaona ni matusi ya adabu.

Mimi nayaona ni kitu cha zamani sana. Bibi akisema "Paukwa!" sisi tulisema "Pakawa!" Akisema "Hadithi hadithi!" tukajibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Hakuna mtoto aliyesimama kusema kwamba sungura wa leo hakuwa na uhalisia. Kazi ya hadhira ilikuwa kuitikia kwa pamoja, kwa maneno yanayojulikana, ili msimulizi ajue wako macho, na katikati ya hadithi kuna wimbo, mnauimba. Aliyenyamaza alikuwa amelala. Ule mwitikio haukuhitaji akili ya peke yako na haukukutenga na wenzako. "Next" inafanya kazi ileile. Mtunzi anayesubiri uchambuzi kutoka kwa watu waliolelewa kuitikia atasubiri sana, na watu haohao ukiwapa kiitikio wataimba mpaka kundi lizime simu.

Hatari ya kiitikio ni kwamba unaweza kukilazimisha. Kabla ya WhatsApp alikuwa Facebook, na huko alifanya kama wote: "Like mia ndiyo niendelee." Like zilifika, na chini yake "next" mia ambazo hata waliopita tu waliziandika. Kisha wakaizoea, sharti likawa halitimii, akawa anarusha hata halijatimia, na kila mtu akajua ni kitisho kisicho na meno. Stephen King alijaribu sharti la pesa mwaka 2000, akitoa riwaya kwa sehemu kwenye intaneti, mwanzoni kwa dola moja kila sehemu, na kuahidi kuendelea kama asilimia 75 ya wanaopakua watalipa. Sehemu za kwanza zilienda, malipo yakashuka, na Desemba mwaka huohuo akaisimamisha baada ya sehemu ya sita. Kama King sharti lilimshinda, sioni litamwokoaje muuza nguo za watoto.

Pesa nayo ilileta mshangao wake. Alipoanza kuuza simulizi nzima kwa wasiotaka kusubiri, shilingi elfu tatu kwa simu, alitegemea waliolipa ndio watakaosema zaidi, maana wameonyesha wanapenda. Ikawa kinyume. Waliolipa walichukua faili lao wakapotea. Mmoja alipoulizwa ameionaje alijibu, bila ubaya wowote, "Si nilishalipa dada?" Kwake malipo ndiyo yalikuwa maoni. Wasiolipa ndio waliobaki wakisema "tupo", kwa sababu kwao neno ndiyo nauli.

Tulichobadilisha

Saa moja ya kundi kuwa wazi imebaki. Tumeongeza chaneli ya WhatsApp, ambako anayefuata haonekani namba yake kwa wafuasi wenzake na kazi yake kubwa ni kusoma na kuweka emoji. Dada aliyetumiwa "mambo mrembo" alihamia huko siku ya kwanza. Kundi limebaki kwa wanaotaka kubishana. Kwa meseji za inboksi mtunzi ameanza kuomba ruhusa: "Naomba niiweke kundini bila jina, unaniruhusu?" Wako wanaokataa. Yule mama wa sauti alikubali kwa sharti kwamba iandikwe "bibi wa wajukuu tisa", na ujumbe wake ndio uliozua mjadala wa kwanza wa kweli kuhusu jinsi simulizi zetu zinavyowatendea wake wakubwa, na katika mjadala huo wanawake walikuwa wengi. Mtu akishafungua njia, wa pili hajitokezi peke yake.

Badiliko kubwa lakini ni la mwisho wa sehemu. Badala ya "mnaonaje?", ambalo ni swali linalomtaka mtu awe mhakiki, anauliza jambo lenye jibu ambalo mtu fulani kundini analo. Fundi makufuli anaweza kufungua kabati la chuma bila kulivunja? Daftari la mjumbe lina nguvu yoyote kwenye kesi ya nyumba? Watu wanajibu. Kura za WhatsApp alizijaribu pia, na waliopiga walikuwa wengi kuliko wanaoandika, lakini kwenye kundi kura inaonyesha nani kachagua nini, na swali la wake wenza likawarudisha watu kwenye woga wao. Kwa maswali ya ndani ya nyumba ameacha kura, anazitumia kwa mambo mepesi kama jina la mtoto.

Juzi akauliza swali ambalo mimi ningelizuia kama lingepita kwangu: wajane wawili wanapata nini kwenye nyumba ile? Ustadhi mmoja mstaafu, ambaye tangu simulizi ianze hakuwahi kuandika hata salamu, akajibu kwa utaratibu. Marehemu ana watoto, kwa hiyo wajane wanapata thumuni, na hiyo thumuni wanagawana wote wawili. Kisha akaongeza mstari ambao hakuulizwa. Kwa mirathi ya Kiislamu, alisema, mrithi hausiiwi, warithi wengine wasiporidhia wosia wa kumpa mjane nyumba hausimami, uwe wa kweli au wa kughushi, "sasa mwanangu hawa watu wanagombea karatasi ya nini?"

Kundi lilicheka mpaka lilipofungwa. Mtunzi alinipigia saa tano, hakuwa anacheka. Sehemu zilizobaki zote zimejengwa juu ya karatasi ile, na wakili aliyefuatwa na mjane mpaka Dar hakumuuliza hata kama familia inataka mirathi ya Kiislamu au sheria nyingine. Sehemu ya Jumatatu haitatoka. Ameandika kundini kwamba ana mgonjwa, na mimi ninayo rasimu mpya ya ukurasa wa wakili, imeshavuka maneno elfu mbili na bado haijafika kwenye swali la ustadhi.